Kombe lilibaki nyumbani, mche haukufika Njukini

Jioni ya Jumatano, tarehe 7 Februari 2007, nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya duka moja hapa Njukini nikingojea gari la kunipeleka Taveta. Ndani ya duka, redio iliyowekwa juu ya magunia ilifikia habari za michezo, na mtangazaji akatamka kwa sauti iliyojaa fahari kwamba Kenya imetwaa ubingwa wa Ligi ya Dunia ya Kriketi, Daraja la Kwanza, baada ya kuilaza Scotland kwa wiketi 8 katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi. Wakulima watatu waliokuwa wakipimiwa mbegu za vitunguu walinyamaza kidogo, kama watu wanaosikiliza tangazo la tanzia ya mtu wasiyemjua, kisha wakaendelea na hesabu zao.

Mmoja wao, kijana niliyekuwa nimemfundisha miaka kadhaa iliyotangulia, alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, hiyo wiketi ndiyo kitu gani?"

Nilimweleza kadiri ya ujuzi wangu mdogo. Nilichora mavumbini vijiti vitatu vilivyosimikwa, nikamwonyesha anayerusha mpira na anayevilinda vijiti kwa kigongo, nikamwambia kwamba kushinda kwa wiketi 8 maana yake ni kuzipita alama za mpinzani huku umepoteza wapigaji wawili tu kati ya kumi wanaoweza kutolewa. Alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaleta swali la pili: "Na hapa kwetu, Mwalimu, mchezo huu unachezwa wapi?"

Gari likafika. Nilishukuru kwamba lilifika, kwa maana sikuwa na jibu.

Swali lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo, na leo naomba nilijadili mbele ya msomaji. Sababu yangu ya kulifukua ni kwamba taifa letu lina mazoea ya kusherehekea makombe na kuyasahau yaliyoyaleta makombe hayo. Ushindi wa mwaka 2007 ulikuwa wa kweli na ulistahili kila sifa. Lakini yaliyofuata baada yake yanatufundisha jambo ambalo kila mkulima wa ndizi wa Njukini analijua tangu utotoni, na ambalo wakubwa wetu wa michezo, kwa masikitiko makubwa, hawakulijua au hawakutaka kulijua.

Kwanza, tuutendee haki ushindi wenyewe. Mashindano yale yalianza tarehe 29 Januari 2007 na kuendelea hadi tarehe 7 Februari. Yalikutanisha mataifa sita: Kenya iliyokuwa mwenyeji, Scotland, Uholanzi, Canada, Ireland na Bermuda. Yote yalikuwa na hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na yote yalikuwa njiani kuelekea Kombe la Dunia lililokuwa likiandaliwa katika visiwa vya Karibi mwezi Machi mwaka huohuo. Timu mbili zitakazofika fainali ziliahidiwa pia nafasi katika Kombe la Dunia la ova 20 nchini Afrika Kusini. Kwa hiyo hayakuwa mashindano ya kupitisha wakati.

Vijana wetu, chini ya nahodha Steve Tikolo na mkufunzi Roger Harper kutoka Guyana, walipigana kiume. Mechi yao dhidi ya Ireland waliishinda kwa wiketi moja tu, yaani mpigaji wa mwisho angetolewa basi hadithi ingekuwa nyingine. Thomas Odoyo alikuwa miongoni mwa waliotuvusha siku ile. Katika fainali, David Obuya alisimama hadi mwisho bila kutolewa, na kombe likabaki nyumbani. Siku chache kabla ya hapo, mwezi huohuo wa Januari, Kenya ilikuwa imekwisha kuongoza mashindano mengine ya mataifa matatu yaliyochezewa Mombasa, ikiziacha nyuma Scotland na Canada.

Yafaa msomaji akumbuke pia kwamba hii haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kuwaalika wageni. Mwaka 1996 tulizialika Pakistan, Afrika Kusini na Sri Lanka, na kombe likaondoka na Afrika Kusini. Katika mashindano hayo kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alipata mikimbio mia moja kwa mipira 37 palepale Gymkhana, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa mpaka mwaka 2014. Mwaka 1997 zilikuja Zimbabwe na Bangladesh, na Zimbabwe ikaondoka na kombe. Mwaka 1999 Afrika Kusini ikarudi na kushinda tena. Mwaka 2000 mataifa makubwa yote ya kriketi yalikusanyika Nairobi, na New Zealand ikapanda ndege na ushindi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka kumi na zaidi wageni walikuja, wakala, wakanywa, wakabeba na sahani. Mwaka 2007 ndipo mwenyeji alipopona.

Au ndivyo tulivyodhani.

Hebu sasa tutazame nani walioushinda ule ushindi. Steve Tikolo alikuwa na umri wa miaka 35 aliponyanyua kombe. Huyu ndiye aliyepata mikimbio 96 dhidi ya Sri Lanka mjini Kandy katika Kombe la Dunia la mwaka 1996. Thomas Odoyo naye alikuwa katika kikosi kilekile cha 1996, akiwa kijana wa miaka 17. Kikosi hicho ndicho kilichoishangaza dunia mjini Pune tarehe 29 Februari 1996, kilipowaangusha West Indies kwa alama 73 baada ya sisi wenyewe kupata 166 tu. Ni watu wa kizazi hicho walioishinda India kwao Gwalior mwaka 1998. Ni wao, pamoja na wadogo zao, walioifikisha Kenya katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, jambo ambalo hakuna taifa lisilo na hadhi ya mechi za Test lililokuwa limelifanya.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kombe la 2007 lilikuwa mavuno ya mbegu zilizopandwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Na zilipandwa wapi? Katika viwanja vichache vya klabu za Nairobi, na kimoja au viwili vya Mombasa. Wengi wa wachezaji wale walikulia kando ya viwanja hivyo, wakiwatazama wakubwa kupitia uani, wakiokota mipira iliyopotea, mpaka wakapewa nafasi ya kujaribu. Ndiyo maana kikosi chetu kilijaa ndugu wa nyumba moja: kina Tikolo, kina Obuya, kina Suji, na baadaye kina Ngoche. Jambo hilo tulikuwa tukilisimulia kwa tabasamu, kana kwamba ni sifa. Mimi naliona kuwa dalili ya ugonjwa. Taifa zima linapotegemea familia nne au tano, watu hao wanastahili heshima, na taifa lenyewe linastahili aibu.

Hapa ndipo ninapomwita shahidi wangu, yaani mgomba. Msomaji anayekaa mjini huenda hajui kwamba mgomba huzaa mara moja tu. Ukishakata mkungu, shina lile limekwisha kazi. Hata ukilimwagilia maji ya chemchemi zote za Njukini na kulirundikia samadi, halitazaa tena. Mkulima mwenye akili hulijua hilo siku ileile anayopanda. Kwa hiyo katika kila shina huacha vizazi vitatu vikisimama pamoja: mama mwenye mkungu, binti anayekaribia kuzaa, na mjukuu anayechomoza ardhini. Mama akikatwa, binti yuko tayari, na mjukuu anapanda cheo. Shamba likitunzwa hivyo hulisha watu miaka na miaka. Lakini mkulima anayeusifu mkungu mkubwa, akaupiga picha, akaupeleka sokoni na kusahau kuacha machipukizi, mwaka unaofuata huzunguka shambani akishangaa majani makavu.

Kriketi ya Kenya ilisifu mkungu. Mwezi Machi 2007, mwezi mmoja tu baada ya sherehe za Gymkhana, tuliishinda Canada katika Kombe la Dunia, tukashindwa na New Zealand na Uingereza, tukarudi nyumbani katika raundi ya kwanza. Mwezi Septemba 2007 nchini Afrika Kusini, katika mashindano yaleyale ya ova 20 ambayo nafasi yake tuliipata Nairobi, New Zealand ilitutoa sote kwa alama 73, na siku mbili baadaye Sri Lanka ikapata 260 dhidi yetu. Mwaka 2011, katika Kombe la Dunia lililoandaliwa na India, Sri Lanka na Bangladesh, tulicheza mechi sita na kupoteza zote sita. Katika mojawapo tulitolewa sote kwa alama 69. Tikolo alikuwa bado uwanjani, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka 40. Je, hakukuwa na kijana wa kumpokea mzigo yule? Mwezi Januari 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, hadhi iliyokuwa nayo tangu 1996. Mwaka 2018 tukateremshwa tena daraja mjini Windhoek.

Tuwatazame sasa wale tuliowashinda. Ireland ilimaliza ya tano kati ya sita katika mashindano ya Nairobi. Walirudi chumbani vichwa vimeinama. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Machi 2007, waliishinda Pakistan katika Kombe la Dunia na kuingia hatua ya timu nane bora. Na mwezi Juni 2017, miaka kumi kamili baada ya kushika nafasi ya pili kutoka mkiani mbele ya macho yetu, Ireland ilipewa hadhi ya kucheza mechi za Test pamoja na Afghanistan. Namibia nayo ilishiriki Kombe la Dunia la 2003, mwaka ule tuliofika nusu fainali, ikapoteza mechi zake zote. Nchi hiyo ina watu wachache kuliko jiji la Nairobi. Leo imeteuliwa kuwa mwenyeji mwenza wa Kombe la Dunia la mwaka 2027 pamoja na Afrika Kusini na Zimbabwe. Mwaka 2003 nafasi hiyo ya tatu ilikuwa yetu: Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya.

Na asiseme mtu kwamba hizo ni nchi za mbali zenye mali. Hapa jirani Uganda, ambako mashindano ya kriketi ya shule yamekuwa desturi kwa miaka mingi, vijana walifuzu kwa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, wakiiangusha hata Zimbabwe njiani. Mwezi Juni 2024 waliishinda Papua New Guinea kule Guyana, na mmoja wa mashujaa wa siku hiyo alikuwa Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, aliyerusha ova nne na kutoa alama nne tu. Uganda nayo ina mkongwe wake, lakini kando ya mkongwe huyo wamesimama vijana. Nchini Rwanda, ambako mchezo huu haukuwa na mizizi mirefu, uwanja mzuri wa kriketi ulifunguliwa Gahanga, karibu na Kigali, mwaka 2017.

Naijua hoja ya wale wanaowatetea wakuu wa mchezo. Wanasema kwamba baada ya 2003 mataifa makubwa yalitusahau, hayakutaka kucheza nasi, na timu isiyocheza na wakubwa haiwezi kukua. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Dunia ya kriketi ilitukaribisha mezani kwa maneno matamu, kisha ikasahau kutuletea chakula. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mizozo ya fedha iliwafanya wachezaji wagome mwaka 2004, kwamba chama cha zamani kilivunjika na chama kipya kikaundwa mwaka 2005, na kwamba nyumba inayowaka moto haina nafasi ya kupanda maua. Hilo nalo ni kweli. Lakini Ireland, Namibia na Uganda pia zilinyimwa mechi na wakubwa. Tofauti ni kwamba wenzetu walipofungiwa mlango wa mbele, walirudi uani wakalima.

Sasa nirudi Njukini, kwani nimeahidi kulijibu swali la yule kijana.

Mwaka uliofuata ushindi ule nilifanya jambo ambalo wenzangu shuleni walilicheka. Niliandika barua kwa ofisi moja inayohusika na mambo ya michezo, ambayo sina haja ya kuitaja, nikiomba vigongo viwili, mipira sita, na mtu wa kuja kutuonyesha kanuni kwa siku mbili. Niliahidi kwamba nauli na malazi ya mgeni huyo tungeyagharimia wenyewe, na ndizi za kurudi nazo angepewa bure. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Lilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilinishukuru kwa moyo wangu wa uzalendo. Ya pili ilieleza kwamba vifaa hutolewa kwa maeneo yenye klabu zilizosajiliwa, na kwa kuwa eneo letu halikuwa na klabu, ombi halingeweza kushughulikiwa.

Naomba msomaji aisome sentensi ile mara mbili, kama mimi nilivyofanya. Huwezi kupewa mbegu kwa sababu huna shamba lililokwisha kuota. Kwa mantiki hiyo mchezo utabaki pale ulipo mpaka siku ya kiyama, na kila kombe litakaloshindwa nyumbani litakuwa kombe la mtaa mmoja lililoazimwa jina la taifa.

Wala sidhani kwamba watoto wetu hawana kipaji. Shamba la ndizi lililo karibu na msitu na mbuga ya Tsavo Magharibi lina maadui wengi. Ndovu hatufai, huyo tunamwachia askari wa wanyamapori. Lakini tumbili na nyani huachiwa watoto. Nimemwona mvulana wa miaka kumi na mmoja akisimama kwenye kingo za mfereji, akamlenga tumbili aliyekaa kwenye tawi hatua arobaini mbele yake, akarusha jiwe, na tumbili akaangusha ndizi. Nimewaona wasichana wakicheza kati, mmoja akikwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili kwa wepesi ambao mtu mzima hauwezi. Mkono upo, jicho lipo, miguu ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba ujuzi huo una jina na una kanuni, na kwamba waweza kumvusha mtoto mpaka ng'ambo ya bahari.

Aidha, umbali hauwezi kuwa kisingizio tena. Zamani safari ya kutoka Taveta hadi Voi ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sasa barabara ina lami, na kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 150 za barabara kuu. Uwanja wa Mombasa ambapo Kenya iliziongoza Scotland na Canada mwaka 2007 uko mwendo wa siku moja kwenda na kurudi. Hata hivyo, sijawahi kusikia basi la wanafunzi wa Taita Taveta likipelekwa huko kutazama hata mechi moja.

Wapo watakaoniambia, "Mzee, Njukini ina shida ya soko la vitunguu, ina shida ya ndovu wanaovamia mashamba, ina vijana wasio na kazi, nawe unatuletea habari za kriketi?" Nawaheshimu wenye hoja hiyo, kwa kuwa shida hizo ni zangu pia. Lakini tuwe wakweli. Watoto wetu wataendelea kucheza, tupende tusipende. Mtoto asiyepewa mchezo jioni hujitafutia wa kwake, na tunazijua njia za mpakani zinavyomfundisha kijana asiye na shughuli. Isitoshe, sioni kwa nini mtoto wa kijijini ajengewe hoja ya tumbo pekee, ilhali wa mjini anahesabiwa kuwa na tumbo na kipaji pia.

Wengine watasema kriketi ni mchezo wa Waingereza na Wahindi. Kikosi cha 2007 kiliwajibu. Tikolo, Odoyo, Ongondo na Kamande walisimama bega kwa bega na Tanmay Mishra na Hiren Varaiya, wakavaa rangi moja na kuimba wimbo mmoja wa taifa. Mchezo ni wa yule anayeucheza. Kule Laikipia, vijana wa Kimaasai waliupokea mchezo huu muda si mrefu baada ya ushindi wa 2007, kupitia mwanamke mmoja kutoka Afrika Kusini aliyewafundisha. Wakaucheza wakiwa wamevaa mavazi na shanga zao, wakautumia kuwahimiza wenzao wajiepushe na ukeketaji wa wasichana na ndoa za mapema, na mwaka 2013 wakafika London kushindana na timu za nchi nyingine. Laikipia haikuwa na klabu iliyosajiliwa kabla ya mtu wa kwanza kwenda na kigongo. Ilikuwa na mtu aliyekwenda.

Basi nini kifanyike? Sitaki kuwa miongoni mwa waandishi wanaolalamika kisha wakafunga kalamu.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti wajibu wa shughuli na vifaa vya michezo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza naliweka mlangoni pa Kaunti ya Taita Taveta. Hatuombi uwanja wa mamilioni wenye jukwaa la wageni mashuhuri. Njia ya saruji yenye urefu wa mita 20 hivi, iliyotandikwa mkeka, inatosha kuwafundisha watoto wa shule tano kurusha na kupiga. Kigongo cha kujifunzia chaweza kuchongwa na fundi seremala yeyote wa Taveta, na mpira wa tenisi hauvunji jino la mtoto. Tuanze na njia nne: moja Voi, moja Wundanyi, moja Mwatate, moja huku kwetu Taveta.

Ombi la pili ni kwa Wizara ya Elimu. Mtaala wa sasa wa umilisi umeitambua sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Ni wazo jema. Lakini mwanafunzi wa kijijini atachaguaje njia ambayo hajawahi kuiona? Walimu wachache wa kila kaunti wapewe mafunzo ya kriketi wakati wa likizo, nao warudi wakawafundishe wenzao. Mwalimu mmoja aliyefundwa vizuri ana faida kuliko vigongo mia vilivyofungiwa stoo.

Ombi la tatu ni kwa wanaouongoza mchezo wenyewe. Kila mara mashindano ya kimataifa yanapoletwa Kenya, na iwekwe kanuni kwamba sehemu ya mapato, hata iwe ndogo, iende kwenye kaunti ambazo hazina klabu. Nasisitiza: ambazo hazina. Na wachezaji wa zamani, hasa mashujaa wa 1996, 2003 na 2007, waajiriwe na kutumwa mashinani. Mtoto wa Njukini akifundishwa namna ya kushika kigongo na mtu aliyekuwa Gymkhana siku ile ya Februari, atasimulia mpaka uzeeni. Watu hao tuliwapigia makofi, tukawaacha wazeeke na ujuzi wao vifuani. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kupoteza mechi yoyote.

Sisemi kwamba tukifanya hayo tutashinda Kombe la Dunia. Mkulima haahidiwi bei. Ninachosema ni kwamba taifa linaloalika dunia nyumbani kwake linapaswa kwanza kujua nyumba hiyo ina vyumba vingapi, na nani wanaolala vyumba vya nyuma. Mwaka 2007 tulifungua sebule, tukaipamba, tukashinda mbele ya wageni, tukapiga picha. Njukini, Wundanyi, Mwatate na mamia ya vijiji mfano wao walisikia vigelegele kupitia ukutani.

Yule kijana wa dukani sasa ni baba wa watoto watatu. Nilikutana naye hivi majuzi akimwagilia migomba yake, na mwanawe wa kwanza akiwa kando na rundo la mawe, akilinda tumbili. Nilimkumbusha swali lake la siku ile. Alicheka, akafunga mfereji kwa jembe, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimeshapitwa. Lakini huyu je?"

Nami swali hilo, kama nilivyolipokea, nalikabidhi kwa wanaohusika. Safari hii hakuna gari ninalongojea.